Padri Antoine Horner, Mlezi wa Watoto Wasio na Kwao

Atokaye Kilosa akielekea Mikumi kwa njia ya Ulaya, maana kijiji chenye jina hilo kimo katika nchi yetu wenyewe, hupita Zombo. Ni nchi ya wakulima, na watu wake huishi kwa jembe na kwa kutazamia mvua. Humo, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, wamo vijana waliofiwa na wazazi, waliokatisha masomo, waliopelekwa mijini kuwa watumishi wa nyumbani wangali wadogo, na wengine wanaokaa tu barazani wakingoja kazi isiyokuja. Kila mtu huwaonea huruma vijana hao. Lakini huruma peke yake haijengi nyumba. Yatupasa tujiulize swali lililo gumu zaidi: kijana asiye na mtu tumpe nini hata aweze kusimama mwenyewe?

Swali hilo si jipya katika nchi hii. Kabla ya reli na kabla ya barabara za magari, bonde la mto Mkondoa lililo karibu na Kilosa lilikuwa njia kuu ya misafara iendayo pwani. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, nao watumwa walipitishwa humo, baadhi yao watoto. Njia iliishia Bagamoyo, na ng'ambo ya bahari lilikuwako soko la Zanzibar. Ni huko, kwenye mwisho wa njia ile, alikosimama padri mmoja aliyejiuliza swali letu miaka zaidi ya 150 iliyopita, naye akajaribu kulijibu kwa maisha yake yote. Jina lake ni Antoine Horner. Wakristu wengi wa Jimbo la Morogoro wamelisikia jina hilo, lakini ni wachache wajuao alitenda nini, alifaulu wapi na alishindwa wapi. Basi leo twapenda kuyasimulia maisha yake, maana mna mafundisho ndani yake kwa wazazi, kwa walimu, kwa mapadre na kwa vijana wenyewe.

Padri Horner alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, upande wa mashariki wa Ufaransa. Alipokuwa padri aliingia katika Shirika la Roho Mtakatifu. Shirika hilo lilikuwa limeongozwa na Padri François Libermann hata alipofariki mwaka 1852. Libermann alikuwa mwana wa rabi wa Kiyahudi aliyeongokea Ukristu. Aliwafundisha watoto wake wa kiroho kwamba mmisionari asiende Afrika kama bwana aendaye kwa watu wake. Aende kama mtumishi ajifunzaye desturi na matakwa ya wale atakaowatumikia. Ni mafundisho marefu kuyafuata, nasi tutaona kwamba hata wana wake Libermann hawakuyafuata daima kwa ukamilifu.

Horner alitumwa kwanza kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi. Huko utumwa ulikuwa umeondolewa mwezi wa Desemba mwaka 1848, na watu wapata 60,000 walifunguliwa kwa siku moja. Walipewa uhuru, lakini wengi wao hawakupewa shamba, wala elimu, wala ufundi. Mtu aliyeishi kati ya watu wa namna hiyo hakukosa kuona jambo moja: kumwondolea mtu minyororo ni mwanzo tu wa kazi.

Katika kisiwa hicho hicho lilikuwa limeanzishwa, mwaka 1849, shirika la masista liitwalo Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilikuwa na jambo la ajabu kwa nyakati zile. Wanawake weusi waliokuwa wametoka utumwani waliingia humo, wakavaa vazi moja na kula meza moja na binti za wenye mashamba. Masista sita wa shirika hilo walifuatana na Padri Armand Fava aliyeletwa na meli Zanzibar mwezi wa Desemba mwaka 1860, wakafungua nyumba ya wagonjwa na ya watoto. Ndio mwanzo wa Misioni Katoliki ya siku hizi katika Afrika ya Mashariki. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwezi wa Juni mwaka 1863 Padri Horner aliwasili Zanzibar kuwa mkuu wake. Alifuatana na Padri Étienne Baur pamoja na mabruda. Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi.

Zanzibar ya siku zile ilitajirika kwa karafuu, kwa pembe na kwa watu. Sokoni watu walipangwa kwa safu, wanaume, wanawake na watoto, na wanunuzi walipita wakiwatazama meno na mikono kama mtu atazamavyo mnyama. Watoto waliokuwa wagonjwa au waliokonda sana waliuzwa kwa bei ndogo, au walitupwa wafe. Padri Horner na wenzake walikwenda katika soko lile wakawanunua watoto, wakawapeleka nyumbani kwao. Fedha zilitoka sehemu nyingi, na sehemu kubwa ilitoka katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo kwalo watoto wa Ulaya walitoa senti zao kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali.

Wapo waliouliza wakati ule, na wapo waulizao hata leo: je, kumnunua mtumwa ili kumfungua si kumpa mchuuzi wa watu fedha akanunue wengine? Swali hilo lina haki yake, nasi hatutalikwepa. Fedha ya mapadre iliingia katika mfuko ule ule ulioingia fedha ya wenye mashamba ya karafuu. Lakini mtoto aliyeko mbele ya macho yako, mwenye njaa na vidonda, hawezi kungoja hata mataifa yapatane juu ya kuvunja soko. Horner alimchagua mtoto huyo. Na kwa kuwa alimchagua, alipaswa kujibu swali la pili lililokuwa zito kuliko la kwanza: akishamtoa sokoni, amfanye nini?

Aliona kwamba mtoto wa namna ile amepoteza kila kitu ambacho kwa desturi za watu wetu humfanya mtu kuwa mtu. Hana baba wala mama. Hana mjomba wa kumwombea mahari, wala babu wa kumwonyesha mipaka ya shamba la ukoo. Hajui njia ya kurudi kwao, na pengine hata jina la kijiji chao limemtoka. Huyu Myao, yule ni Mnyasa, mwingine Mzaramo au Mzigua, nao walikutana chini ya paa moja bila kufahamiana lugha. Kiswahili kikawa daraja lao. Kumpa mtoto kama huyo ubwabwa na shuka kulikuwa jambo jema, lakini alihitaji zaidi ya hayo. Alihitaji watu wa kuitwa wake.

Basi Horner alijenga nyumba ambayo ndani yake sala, shule na kazi za mikono vilikwenda pamoja. Watoto walijifunza kusoma, kuandika na katekismu. Halafu kila kijana alipewa ufundi: huyu uhunzi, yule useremala, huyu uashi, yule kushona viatu au nguo. Mabruda ndio waliokuwa walimu wa karakana. Kazi ya karakana zile ilisifika mjini Zanzibar, hata watu wasio wa dini yetu walileta vyombo vyao vitengenezwe huko. Kwa masista, wasichana walijifunza kushona, kupika, kutunza wagonjwa na kulea wadogo. Horner hakutaka kijana atoke mikononi mwake akiwa ombaomba ajuaye sala. Alitaka atoke akiwa mtu wa sala ambaye pia mji unamhitaji.

Kati ya watoto waliofika kwa masista alikuwamo msichana Myao aliyeitwa Suema. Simulizi ya maisha yake iliandikwa kwa msaada wa masista na wa Horner mwenyewe, ikachapishwa Paris mwaka 1870. Imepita katika mikono mingi kabla ya kutufikia, na yapasa isomwe kwa kukumbuka hivyo, lakini mambo yake makuu yanatoa picha ya maelfu ya watoto wa wakati ule. Mama yake alikuwa mjane aliyekopa nafaka wakati wa shida, akashindwa kulipa. Mwenye deni alimtwaa mtoto akamuuza kwa msafara. Mama hakukubali kutengana na mwanawe, akafuatana na msafara ule akibebeshwa mzigo, hata nguvu zikamwishia akaachwa njiani afe. Msichana alifikishwa Kilwa, kisha Zanzibar, akiwa amedhoofika hata walimdhania maiti. Walimfukia katika kaburi lisilo na kina, yungali hai. Kijana mmoja wa Réunion aliyepita karibu alisikia sauti yake, akamfukua akampeleka kwa masista.

Suema alipona, akabatizwa. Lakini moyo wake ulikuwa na kidonda kisichoonekana, yaani chuki kwa wale waliomwua mama yake. Siku moja mfanya biashara wa watumwa aliyejeruhiwa aliletwa katika nyumba ya wagonjwa, naye Suema akaambiwa amtunze. Akamtambua. Alikuwa ndiye aliyemtoa kwao. Simulizi haifichi kwamba msichana alitetemeka na kukataa moyoni mwake, akasali kwa machozi, na mwisho akamwosha mtu yule vidonda vyake. Baadaye akaomba kuwa sista. Twayakumbuka haya kwa sababu twafikiri kwamba hapo ndipo uhuru wa Suema ulipokamilika. Masista walimtoa kaburini, naam, lakini siku ile yeye mwenyewe alitoa kitu alichokuwa nacho. Aliyekuwa akipokea msaada alikuwa sasa anasaidia.

Mji wa Zanzibar ulikuwa mdogo kwa kazi iliyokua hivyo. Watoto walihitaji mashamba, nao mapadre walitamani kufika bara. Kwa idhini ya Sultani Majid na kwa mapatano na wakubwa wa Bagamoyo, Misioni mpya ilifunguliwa huko mwezi wa Machi mwaka 1868, na Padri Baur akawa kiongozi wake wa kwanza. Watoto walivushwa kutoka kisiwani kwa mafungu. Pori likakatwa, minazi na miti ya matunda ikapandwa, majengo ya shule, karakana na kanisa yakasimama. Leo atembeleaye Bagamoyo hupita chini ya miti iliyopandwa na watu wa Misioni. Yafaa akumbuke kwamba mikono iliyochimba udongo ule ilikuwa mikono ya vijana waliowahi kupigwa bei sokoni.

Kazi ile haikuendelea bila majaribu. Kipindupindu kilichoingia pwani mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana, na Misioni nayo ilizika watu wake huku ikiwatunza wagonjwa wa mji. Kisha mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Zanzibar na mwambao wa Bagamoyo. Karafuu na minazi ziling'olewa, majahazi yalivunjika, na majengo ya Misioni yaliyotolewa jasho kwa miaka minne yakalala chini. Horner na wenzake wakaanza tena. Vijana waliojifunza uashi na useremala walikuwa na kazi ya kutosha, nao walijenga kwa mikono yao kile ambacho miaka michache nyuma walikipokea kikiwa tayari.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kushughulikia jambo la biashara ya watumwa, alifika Bagamoyo. Mwingereza huyo hakuwa Mkatoliki, lakini aliisifu kazi ya Misioni katika taarifa zake na kuitaja kuwa mfano mwema. Tarehe 5 Juni mwaka ule ule Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Hata hivyo utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Sheria iliyoukomesha Zanzibar ilikuja mwaka 1897, na hapa Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo watoto waliendelea kuja, wengi wao sasa wakitolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini.

Mwezi wa Februari mwaka 1874 wageni wengine walifika Misioni ya Bagamoyo. Walikuwa Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, wakiuleta mwili wa David Livingstone kutoka nchi ya Zambia ya leo, safari ya miezi mingi. Chuma alikuwa mtoto aliyefunguliwa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Wainwright naye alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa India. Hakukuwa na bwana aliyewaamuru kuubeba mwili ule wala askari wa kuwasimamia. Waliamua wenyewe, wakatimiza. Hao walikuwa watu waliohesabiwa kuwa bidhaa, nao walitenda jambo ambalo dunia nzima ililistaajabia. Kijana aliyeaminiwa hutenda mambo ambayo aliyemwamini hakuyatarajia.

Hapo twafikia sehemu ya maisha ya Horner ambayo wasifu wa kusifu tu huipita kimya, lakini sisi hatuna budi kuitaja. Vijana wa Bagamoyo walipokuwa watu wazima waliozwa, wakapewa nyumba na bustani katika kijiji cha Kikristu kilichojengwa karibu na Misioni, kikawekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Lilikuwa wazo la hekima: asiye na ukoo aanzishe ukoo. Lakini kijiji kile kilitawaliwa kwa kengele. Kengele iliwaamsha, iliwapeleka kanisani, iliwapeleka shambani na kuwarudisha. Sehemu kubwa ya juma walifanya kazi katika mashamba ya Misioni, na muda uliobaki ndio uliokuwa wao. Ruhusa ilitakiwa kwa mambo mengi. Mapadre waliogopa kwamba mtu akitoka machoni pao atarudia maisha ya zamani, au atakamatwa tena na wachuuzi wa watu. Hofu hiyo ya pili haikuwa ya bure, maana watu waliibwa kweli.

Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba wengine walichoka wakakimbia. Mapadre walihuzunika, na baadhi yao waliwaita wakimbizi hao watu wasio na shukrani. Sisi twaitazama habari hiyo kwa namna nyingine. Mtu aliyefundishwa kwamba yeye ni mwana wa Mungu, aliyepewa ufundi mikononi na mke nyumbani, je, si haki yake kutaka kuamua atalima lini na atauza wapi? Kukimbia kwa wengine kulionyesha kwamba mafundisho ya uhuru yalikuwa yamewaingia. Alikosea mlezi aliyemlea mtu mzima kama alivyomlea mtoto. Tusimhukumu Horner kwa ukali, maana aliishi katika kizazi ambacho Wazungu wengi walidhani Mwafrika ni mtoto wa siku zote. Lakini tusifiche pia, kwa sababu kosa hilo halikufa pamoja na watu wa wakati wake.

Vivyo hivyo kwa jambo la upadre. Horner alitamani sana kuwapata mapadre kutoka katika watoto wale, naye aliwaweka wavulana wachache katika masomo ya Kilatini. Hakuna hata mmoja aliyefika altareni maishani mwake. Sababu zilikuwa nyingi: maradhi, ujana, masomo yaliyopangwa kwa desturi za Ulaya, na haraka ya kukata tamaa kila kijana mmoja alipotoka. Mapadre wazalendo wa nchi yetu walikuja baadaye sana. Nasi tuliopitia seminari kuu, tukiketi darasani bila kuuliza nani alitufungulia mlango, yafaa tuwakumbuke wavulana wale wasiojulikana majina, waliokuwa wa kwanza kuubisha.

Horner hakuridhika kukaa pwani. Mwaka 1870 alisafiri hadi Ukami, katika milima ya upande wa Morogoro, akitafuta mahali penye hewa njema na watu wengi. Ilichukua miaka saba kabla nia ile haijatimia. Mwaka 1877 Misioni ya kwanza ya bara ilifunguliwa Mhonda, katika milima ya Nguru, nchi ambayo leo imo katika wilaya ya Mvomero. Namna ilivyofunguliwa ndilo jambo tupendalo msomaji alishike. Mapadre hawakwenda peke yao. Walikwenda pamoja na vijana waliooana, waliolelewa Bagamoyo. Hao walijenga nyumba, walifungua mashamba, walisali asubuhi na jioni mbele ya majirani Wanguru waliotazama kuona dini hii mpya huwafanya watu wawe watu gani.

Tufikiri kidogo juu ya safari ile. Watu waliokokotwa kutoka bara kwenda pwani wamefungwa, sasa walitoka pwani kwenda bara kwa miguu yao wenyewe, wakichukua majembe, mbegu na vitabu vya sala. Hawakwenda Mhonda kusaidiwa. Walikwenda kwa kuwa Misioni isingeweza kusimama bila wao. Padri anaweza kuhubiri ndoa ya Kikristu, lakini hawezi kuionyesha. Mume na mke ndio wawezao kuionyesha. Sio wote waliokaa, wala sio wote waliodumu katika wema, kwa maana walikuwa wanadamu kama sisi. Lakini mbegu ilishika. Katika miaka ya 1880, kutoka Bagamoyo na Mhonda, zilifuata Mandera, Morogoro, Tununguo, na Ilonga iliyo karibu na Kilosa. Hivyo imani ilifika katika nchi ya Wasagara, ikapita njia ile ile iliyopitishwa misafara, na kwa mikono ya watu waliotoka utumwani.

Padri Horner mwenyewe hakuyaona mengi ya hayo. Miaka ya homa na uchovu ilikuwa imemmaliza. Alirudishwa Ufaransa kutafuta afya, akafariki huko Cannes mwezi wa Mei mwaka 1880, akiwa hajatimiza miaka 53. Vicarieti ya Bagamoyo iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1953 ikawa Jimbo la Morogoro. Hao wote waliobatizwa katika parokia za jimbo letu, kwa namna fulani, ni wajukuu wa watoto wale wa soko.

Basi, ndugu wasomaji, maisha hayo yatufundisha nini sisi tukaao katika nchi ya Zombo, Ulaya, Kilosa na Mikumi? Soko la watumwa limefungwa, tumshukuru Mungu. Lakini bado wapo watu wajao vijijini wakimwahidi mzazi maskini kwamba binti yake atasomeshwa mjini, kumbe anakwenda kuosha vyombo alfajiri hata usiku bila mshahara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri mdogo kabisa wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru. Sheria hiyo haiwezi kumlinda mtoto ambaye mama yake mwenyewe amemkabidhi kwa mgeni asiyemjua. Deni la nafaka la mama yake Suema halijawa hadithi ya kale. Jirani anapoona nyumba ya mjane imekwisha chakula, ajue kwamba gunia moja la mahindi lililotolewa kwa wakati laweza kumwokoa mtoto mzima.

Tena, tumpe kijana ufundi. Wazazi wengi huona aibu mtoto akishindwa mtihani, na humwacha kama mti uliokauka. Horner hakuchagua wenye akili za vitabu peke yao. Aliuliza mikono ya kila mmoja yaweza nini. Katika kila kigango yumo seremala, yumo fundi cherehani, yumo mwashi, yumo mama ajuaye kutunza kuku au bustani. Kila mmoja wao akimchukua kijana mmoja tu, akamfundisha kwa uaminifu bila kumfanya mtumwa wake, tutakuwa tumefungua karakana kumi kabla ya kungoja jengo moja la wafadhili.

Na mwisho, ndilo kubwa zaidi, tuwaachie vijana nafasi. Hapo ndipo kengele ya Bagamoyo ilipolia kupita kiasi, na hapo ndipo twaona nasi tungali twaipiga. Twawaita vijana taifa la kesho, lakini katika mkutano wa parokia hupewa kazi ya kupanga viti. Twawafundisha kuimba, lakini hatuwapi ufunguo wa sanduku. Twawapa msaada kisha tunakasirika wanapotaka kuamua wenyewe. Kijana asiyeaminiwa na jambo dogo hawezi kujulikana kama anafaa kwa jambo kubwa. Atakimbia kama walivyokimbia wale, na kosa halitakuwa lake peke yake.

Parokia na vigango vya upande wetu wa Kilosa wafanye jambo moja mwaka huu. Wawatafute vijana watano wasio na wazazi, wasiwaulize kwanza wanahitaji nini. Wawaulize wanaweza kutufanyia nini. Wakishajibu, wawape jembe, au cherehani, au darasa la katekismu la watoto wadogo, na wawaache watende. Waone aibu mara moja, wajaribu tena, wasimame. Hayo ndiyo matumaini tuliyoyapokea kutoka kwa wale mume na mke walioshika njia ya Mhonda mwaka 1877, wakiwa hawana ukoo nyuma yao, ila wana Mungu mbele yao na kazi mikononi mwao.